Mrututu wangu unaota rundo, hautoi fuwele moja. Kosa liko wapi?

#1 Mwalimu wa Zamu
Wakuu salaam. Nipo Dar, nafundisha kemia sekondari. Natafuta fuwele moja ya mrututu (kopa salfeti, ile chumvi ya bluu), kubwa, yenye pande zake zote, niipeleke kwenye maonesho ya sayansi. Nimefuata maelekezo yaliyozagaa mtandaoni: gramu 50 za mrututu kwenye mililita 100 za maji ya moto, koroga mpaka uishe, chuja, acha ipoe, okota kifuwele kizuri kiwe mbegu, kifunge uzi, kining'inize kwenye myeyusho ule ule.

Mbegu napata safi tu, za milimita 4 au 5. Kasheshe inaanza nikishaining'iniza. Siku nyingine nakuta uzi mtupu, mbegu imeyeyuka yote. Siku nyingine uzi mzima umeota vifuwele kuanzia juu ya maji, mbegu yenyewe imebebeshwa vingine mgongoni, na kitako cha bika kina ganda la bluu lisilobanduka mpaka nimwagie maji ya moto.

Dai langu: mrututu wa siku hizi umechakachuliwa. Mwenzangu wa fizikia anasema mrututu hauna kosa, tatizo ni chumba. Nani yuko sahihi?

#2 Dogo wa PCB
Naweka kambi hapa.

#3 Sauti ya Kijiweni
Mkuu uliununua wapi? Kama ni wa duka la pembejeo, ule wa kupigia kahawa, usitegemee miujiza. Ule kazi yake ni kuua ukungu, hakuna aliyeutengeneza akifikiria maonesho yako. Nakazia: umechakachuliwa.

#4 mama_konika
Mwalimu, pole. Mimi ni fundi sanifu wa maabara. Kabla hatujausingizia mrututu tupige hesabu kwanza.

Gramu 100 za maji kwa nyuzi 20 zinabeba gramu 32 hivi za mrututu (ninapima ule wa bluu, wenye maji yake ndani). Kwa nyuzi 30 zinabeba karibu 38. Kwa 40, karibu 45. Yakichemka zinapita 110. Wewe umeweka 50. Chumba kikiwa na nyuzi 30, gramu 12 hazina pa kukaa. Lazima zitoke, na zitatokea popote penye pa kushika: kwenye nyuzinyuzi za uzi, kwenye mikwaruzo ya bika, kwenye vumbi, na kwenye mbegu. Hapo ndipo ganda na rundo vinapotokea.

Kuhusu mbegu kupotea: unaitumbukiza saa ngapi? Kama ni asubuhi, myeyusho umeshiba kwa joto la asubuhi. Mchana chumba kikipanda nyuzi nne au tano, ule myeyusho unakuwa na njaa, na chakula kilicho karibu ni mbegu yako.

#5 Mwalimu wa Zamu
Asante dada. Ila maabara yetu ina kiyoyozi.

#6 mama_konika
Kinazimwa saa ngapi?

#7 Mwalimu wa Zamu
Saa tisa na nusu, wanafunzi wakitoka. Mhasibu anapita mwenyewe na kuzima.

#8 Chaki na Sumaku
Ndiye mimi wa fizikia anayetajwa hapo juu 😂. Nilimwambia. Kipimajoto nilikiweka mezani mwenyewe: mchana nyuzi 23 na kiyoyozi, jioni kikizimwa 31, alfajiri inashuka tena. Hiyo bika inaishi maisha ya homa. Mrututu hauna kosa.

#9 Sauti ya Kijiweni
Mwalimu wa fizikia karibu, ila hujajibu la ganda. Chumvi safi haiweki ganda.

#10 mama_konika
Kijiweni, chumvi safi inaweka ganda vizuri sana ikishiba kupita kiasi. Usafi na kushiba ni mambo mawili.

Hata hivyo sijasema mrututu wa dukani ni safi. Una chuma kidogo, na ukitumia maji ya bomba yenye chokaa utaona ukungu wa kijani-bluu unatuama. Huo ni mrututu uliogeuka kuwa chumvi ya besi, hauchujiki kirahisi na kila chembe yake inakuwa mahali pa vifuwele kuanzia. Tumia maji yaliyotoneshwa, weka matone mawili matatu ya asidi ya salfuriki iliyozimuliwa, ule ukungu unaondoka. Kisha ufuwelishe mara mbili: yeyusha, chuja ya moto, poza, tupa maji yaliyobaki, rudia. Ukichoka kufanya hivyo nunua wa maabara.

#11 Mtoro wa Eldoret
Habari za huko. Mimi niko Eldoret na sijawahi kupata shida hii. Huku baridi yenyewe inatosha. Naweka myeyusho kwenye kabati, nasahau, narudi napata jiwe la bluu. Nadhani ninyi wa pwani joto limewazidi tu.

#12 Chaki na Sumaku
Baridi haihusiki mkuu. Kinachohusika ni joto lisibadilike. Hata kwa nyuzi 35 fuwele inakua vizuri ikiwa 35 ni 35 mchana na usiku.

#13 Mtoro wa Eldoret
Basi kabati langu ndilo lenye akili.

#14 Nje ya Mipaka
Wakuu, nasoma Ujerumani, kazi yangu ya kila siku ni kukuza fuwele za kupiga eksirei. Naomba nipingane kidogo na mwalimu wa fizikia (#8, #12).

Kupanda na kushuka kwa joto si adui siku zote. Kuna kitu kilielezwa na Wilhelm Ostwald mwishoni mwa miaka ya 1890: vifuwele vidogo vinayeyuka kwa urahisi kuliko vikubwa, kwa hiyo ukiviacha pamoja kwenye myeyusho ulioshiba, vikubwa vinakua kwa gharama ya vidogo. Joto likipandishwa kidogo vidogo vinakufa kwanza, likishushwa kinachobaki kinakula. Sisi tunafanya hivyo makusudi, nyuzi moja au mbili juu, kisha chini taratibu, tena na tena. Rundo linapungua linakuwa fuwele chache kubwa.

Huyu huyu Ostwald ndiye aliyeonesha kwamba kati ya "umeshiba" na "unaanza kutoa vifuwele wenyewe" kuna ukanda katikati. Ndani ya ukanda huo myeyusho umeshiba kupita kiasi lakini hautoi kitu mpaka uupe mbegu. Kazi yote ya kukuza fuwele moja ni kukaa ndani ya huo ukanda. Mwalimu na gramu zake 50 ameuruka akatua upande wa pili.

#15 Chaki na Sumaku
Nyuzi moja au mbili sikatai. Huku tunaongelea nyuzi nane, mkuu. Kwa nyuzi nane hakuna kidogo wala kikubwa kinachosalimika.

#16 Nje ya Mipaka
Inategemea ujazo. Bika ya mililita 100 inafuata joto la chumba ndani ya saa moja hivi. Ndoo ya lita 10 haistuki.

#17 Dogo wa PCB
Swali: mbona kwenye notisi tunaambiwa fuwele ya mrututu ni mche mraba? Na Bragg ndiye aliitumia kugundua eksirei inapindishwa na fuwele?

#18 mama_konika
Mche mraba hapana. Fuwele ya mrututu haina hata pembe moja ya nyuzi 90, mihimili yake yote mitatu imeinama. Ukiiweka mezani inaonekana imelalia upande. Dogo badilisha notisi.

#19 Nje ya Mipaka
Na si Bragg. Mwaka 1912, München, Walter Friedrich na Paul Knipping ndio walioipiga eksirei fuwele ya mrututu, wakijaribu wazo la Max von Laue, wakapata madoa kwenye bamba la picha. Laue akapewa Nobel ya 1914. Bragg mtoto na baba yake wakafuata 1913, wakasoma chumvi ya mezani na nyinginezo, Nobel yao 1915, mtoto akiwa na miaka 25. Mpangilio wa ndani wa mrututu wenyewe ulisubiri mpaka 1934, Beevers na Lipson. Ndipo ikajulikana kwamba kati ya molekuli tano za maji, nne zimezunguka kopa na ya tano imekaa pembeni, imeshikana na salfeti.

#20 Dogo wa PCB
Umeua mkuu. Kwa hiyo ile fuwele ya kwanza kabisa ilikuwa mrututu wa kahawa 😂

#21 Sauti ya Kijiweni
Na haukuwa umechakachuliwa. Ndiyo hoja yangu.

#22 Bwawani Lindi
Mimi si mkemia, nina mashamba ya chumvi Lindi. Huku hatupozi kitu. Tunaacha jua lile maji. Mbona hamzungumzii kukausha?

Na nimeona jambo: bwawa likikaribia kukolea na upepo ukitulia, juu ya maji zinaelea fuwele nyembamba za mraba, katikati zimebonyea ngazi kwa ngazi kuelekea chini. Ukizigusa zinazama. Upepo ukivuma hazipatikani, inatuama chumvi ya kawaida tu ya punje punje.

#23 mama_konika
Bwawani, hapo umesema kitu. Chumvi ya mezani huwezi kuikuza kwa kupoza. Kwa nyuzi 0 maji gramu 100 yanabeba karibu 36, yakichemka 39. Tofauti ni gramu tatu tu! Ndiyo maana ni lazima ukaushe. Mrututu na shabu ndizo za kupoza.

Zile za kuelea zinabonyea kwa sababu zinakua haraka: kingo na kona zinapata chumvi mpya kwanza, katikati panachelewa. Zinaning'inia kwenye uso wa maji kwa mvutano wake, uzito ukizidi zinazama.

#24 Baharia wa Muscat
Naongezea la kukausha. Nipo Muscat, nafanya kazi kwenye maabara ya maji, fuwele ni burudani yangu. Kiyoyozi hapa hakizimwi mwaka mzima, kwa hiyo tatizo la homa sina. Tatizo langu ni hewa kavu. Myeyusho unakauka pembezoni, chumvi inapanda ukutani mwa bika, inavuka mdomo, inashuka upande wa pili mpaka mezani. Kisha ile iliyokauka ukutani inadondoka ndani na kuzaa vifuwele vipya. Nadhani hata rundo la mwalimu linaanzia hapo. Amesema mwenyewe kwenye #1: uzi umeota "kuanzia juu ya maji". Mbegu mbaya zinashuka kutoka juu.

Dawa: paka mafuta ya mgando pembeni mwa mdomo wa bika ndani, na ufunike kwa karatasi ya chujio. Usifunike na nailoni mpaka uzibe, matone yatadondoka na kula mbegu.

#25 Chaki na Sumaku
Sasa tuna kesi nne: mrututu mchafu, kushiba kupita kiasi, homa ya chumba, na chumvi inayopanda ukuta. Mwalimu wa Zamu ana mshtakiwa anayempenda?

#26 Mwalimu wa Zamu
Bado nasimama na uchakachuaji 😅 ila nimeanza kutikisika.

#27 Mzee wa Bunsen
Vijana mnasahau vumbi. Kuna maabara ambamo kitu kikishawahi kufuwelishwa mara moja, hakikosi tena kufuwelika. Mbegu zisizoonekana zinabaki hewani, kwenye nguo, kwenye kucha. Wakemia wa zamani walikuwa wanasimuliana kwamba mkemia mwenye ndevu ndefu akitikisa kidevu juu ya chupa, fuwele zinatoka. Kama mwalimu anapima mrututu mkavu meza ile ile anayokuzia, anapanda mbegu elfu bila kujua.

#28 Dogo wa PCB
Hii ya ndevu ni chai mzee wangu.

#29 Nje ya Mipaka
Ya ndevu ni utani wa maabara, ila la mbegu zisizoonekana halijakufa. Mwaka 1998 dawa ya ritonavir, ya virusi vya UKIMWI, ilianza ghafla kutoka kiwandani katika umbo jingine la fuwele, gumu zaidi kuyeyuka. Kapsuli zikasimamishwa, ikabidi dawa itengenezwe upya kwa namna nyingine. Umbo la zamani likawa shida kulipata pale ambapo lile jipya lilishatokea. Wengine wanasema ni mbegu zilizosambaa, wengine wanasema lile umbo jipya ndilo imara zaidi na lingetokea tu siku moja.

Na wanaokuza fuwele za protini mpaka leo wanachukua unywele wa paka, wanaupitisha juu ya fuwele ya zamani kisha kwenye tone jipya. Mbegu zinashika kwenye magamba ya unywele. Hiyo si chai, nimeifanya.

#30 Mtoro wa Eldoret
Paka wa maabara ana mkataba wa ajira ama ni kibarua?

#31 mama_konika
Mzee wa Bunsen shikamoo. La vumbi nakubali nusu. Nikishaandaa myeyusho naupasha nyuzi kama 10 juu ya joto la kushiba, unakaa hivyo nusu saa, mbegu zote zisizoonekana zinakufa. Kisha naacha ushuke mpaka juu kidogo ya joto la kushiba ndipo natumbukiza mbegu. Inayeyuka ngozi ya nje tu, na hilo ni zuri, linaondoa vumbi na kingo zilizovunjika.

Nisichokubali ni mtu kubaki anabahatisha kama mbegu inakua au inakufa, wakati unaweza kuiona. Mwalimu, chukua tochi ya simu, imulike bika kutoka nyuma, macho yako yawe usawa wa mbegu. Utaona mistari inacheza kwenye maji, kama joto linavyocheza juu ya lami mchana. Mistari ikishuka kutoka kwenye mbegu, mbegu inayeyuka, maana maji yanayoizunguka yanakuwa mazito yanazama. Mistari ikipanda, mbegu inakua, imenyonya mrututu kutoka kwenye maji yaliyo karibu, yamekuwa mepesi yanaelea juu. Usipoona kitu, umepatia, uko kwenye kushiba kamili. Dakika mbili zinatosha, na utakuwa umeokoa usiku mzima.

#32 Mwalimu wa Zamu
Mbona hii haimo kwenye kitabu chochote nilichosoma??

#33 Chaki na Sumaku
Kwa sababu ni fizikia 😎

#34 Bwawani Lindi
Hiyo ya tochi nitaijaribu kwenye chupa ya maji ya bwawa. Asante mama.

#35 Mshipi wa Nailoni
Naona watu wengi wanataja uzi. Acheni uzi wa pamba. Una nywele nyingi, kila unywele ni mwaliko. Tumia mshipi wa kuvulia, ule mwembamba kabisa unaoona kwa shida. Laini, hauoti kitu. Shida yake ni kufunga fundo kwenye mbegu ya milimita 4, hapo utamkumbuka bibi yako. Mimi naweka tone dogo la gundi kali.

#36 mama_konika
Gundi inaacha doa ndani ya fuwele, ila kwa maonesho haidhuru.

#37 Kwa Mkapa Mbele
Wakuu mada nzuri. Kuna anayejua mrututu unaua konokono wa kichocho? Babu yangu alikuwa anasema waliwahi kuumwaga kwenye mifereji.

#38 Mzee wa Bunsen
Kweli. Kopa salfeti ilitumika sana kwenye mifereji ya umwagiliaji kuua konokono hao. Tatizo inaua na samaki. Ndiyo maana maji mliyobaki nayo msimwage kwenye mtaro unaoelekea bwawani. Na watoto wasilambe, hata kama inavutia macho.

#39 Hotipoti
Jina langu litawafaa leo. Tatizo la homa lina dawa ya bei rahisi: chukua hotipoti kubwa la chakula, jaza maji ya nyuzi 45 hivi, weka bika yako ndani ikiwa imefunikwa, funga. Kesho yake limeshuka taratibu, na kiyoyozi kikizimwa bika haina habari. Wasio na hotipoti watumie boksi la povu la kuwekea samaki. Hotipoti hilo lisirudi tena kwenye wali.

#40 Nje ya Mipaka
Nakubaliana. Kupoza polepole ndiyo siri ya wakubwa pia. Kule Livermore, California, kwenye kituo cha leza cha NIF, wanatumia mabamba yaliyokatwa kutoka kwenye fuwele ya potasi dihidrojeni fosfeti. Fuwele moja inapita kilo 300. Zamani ya ukubwa huo ilichukua miaka miwili hivi. Kwa mbinu iliyoanzia Moscow na kuboreshwa Livermore ikashuka hadi miezi miwili. Myeyusho unachujwa na kupashwa sana kuua mbegu zisizoonekana, kisha unashushwa joto kwa vipimo huku fuwele inazungushwa, upande huu, kisha upande ule.

#41 Mama Nyanya Greenhouse
Subiri. Potasi dihidrojeni fosfeti si ndiyo ile mbolea ya MKP tunayopiga kwenye nyanya? Mfuko unaandikwa 0-52-34.

#42 Nje ya Mipaka
Ndiyo hiyo hiyo mama 😂. Ya kwako ina uchafu zaidi tu. Ichuje, ifuwelishe mara mbili, utapata miche myembamba iliyochongoka ncha, haina rangi.

#43 Mama Nyanya Greenhouse
Kumbe namwagilia nyanya leza ya Wamarekani. Mume wangu lazima alipe heshima.

#44 Mzee wa Bunsen
Na wenye urea msikae kimya. Kwenye maji ya chumvi ya mezani ukiyeyusha na urea, chumvi inaacha kuwa mchemraba, inatoka na pande nane. Mfaransa Romé de l'Isle aliliandika jambo hilo karne ya 18, urea yake ikiwa ni mkojo. Ninyi mna mfuko wa mbolea, mna bahati.

#45 Kwa Mkapa Mbele
Sayansi ina mambo.

#46 Mkwawa Kemia
Nimesoma uzi wote. Naona mmelishika joto la chumba kama suala la usumbufu tu. Kuna wakati linabadilisha kinachotoka. Pasteur mwaka 1848 alitenganisha kwa koleo fuwele za chumvi ya sodiamu na amonia ya asidi tatariki, za kushoto na za kulia, zinazofanana na taswira yake kwenye kioo. Zile hutengana hivyo zikifuwelika chini ya nyuzi 27 hivi tu. Juu ya hapo zinakuja zimechanganyika ndani ya fuwele moja, hakuna cha kuokota. Angeifanya Dar bila kiyoyozi, asingeona kitu.

#47 Mtoro wa Eldoret
Nilisema. Kujeni Eldoret.

#48 Sauti ya Kijiweni
Kwa hiyo Pasteur alibebwa na hali ya hewa?

#49 Mkwawa Kemia
Alibebwa na jicho lake pia. Watu wengine walikuwa na chumvi hiyo hiyo mbele yao wasione tofauti ya viuso vidogo vya pembeni.

#50 Mwalimu wa Zamu
Wakuu nimerudi. Nimebadilisha mambo: gramu 42 badala ya 50, maji yaliyotoneshwa na matone ya asidi, mshipi, mafuta kwenye mdomo wa bika, hotipoti. Tochi imeniambia mistari inapanda. Nimepata fuwele moja, imefika sentimita 2, chini ya bika hakuna ganda. Picha naambatisha.

Ila tazameni vizuri. Ndani, katikati, kuna wingu jeupe. Nje inang'aa, pembe kali, ila moyo una ukungu. Hii nayo imetoka wapi?

#51 Sauti ya Kijiweni
Mrututu ule ule wa dukani au umenunua mwingine?

#52 Mwalimu wa Zamu
Ule ule.

#53 Sauti ya Kijiweni
Ahsante. Sina swali lingine.

#54 mama_konika
Hongera mwalimu, nzuri sana. Wingu ni matone madogo ya myeyusho yaliyonaswa ndani. Usiku wa kwanza ilikua kwa pupa, ilipotulia ikaendelea safi. Anza na 40 safari ijayo.

#55 Chaki na Sumaku
Mimi nasema ni pale mbegu ilipoyeyuka ngozi. Uso ulikuwa umebaki na vishimo, fuwele ilipoanza kukua tena ikavifunika na maji yake ndani. Ingekuwa pupa, wingu lingefuata pembe, si kukaa katikati pekee.

#56 Nje ya Mipaka
Inaweza kuwa hewa pia. Maji yaliyopashwa yasipochemshwa vizuri yanatoa vipovu yakipoa, vinashika kwenye uso. Ikate uitazame kwa hadubini: tone la maji lina kipovu kinachotembea ukiinamisha fuwele, hewa tupu haina.

#57 Mwalimu wa Zamu
Nikate?! Hii haikatwi.

#58 mama_konika
Asikate. Mwalimu, ipake rangi ya kucha isiyo na rangi, hasa kama maonesho yako ni Dodoma. Huko hewa kavu itainyonya maji, itapauka uso.

#59 Dogo wa PCB
Wakuu na mimi nimeanza, ila na shabu maana mrututu naogopa. Nimenunua ile ya vinyozi. Inatoa fuwele za pande nane safi kabisa. Kuna jamaa anasema ya kinyozi si ya potasi, ni ya amonia. Nitajuaje?

#60 mama_konika
Ponda kidogo, weka kwenye neli ya majaribio na sodiamu haidroksaidi, pasha taratibu. Ikitoa harufu kali ya chooni ni ya amonia. Punga harufu kwa mkono, usiingize pua. Zote mbili zinatoa pande nane, kwa hiyo kwa macho hutatofautisha.

#61 Dogo wa PCB
Imenuka. Darasa zima limetoka nje, mwalimu wa zamu ananitafuta.

#62 Chaki na Sumaku
Mwalimu wa zamu yupi, huyu wa #1?

#63 Dogo wa PCB
Wa kwetu. Huyu wa #1 simjui, ila kama ananisoma, aniombee.